Fontenye Aliyepima Theluji ya Watu

Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla ya kukaa, kabla hata ya kuuliza watoto wameamkaje, alikwenda kwanza jikoni akafungua robine. Aliyaacha maji yapige kiganja chake, akainamisha sikio kama daktari, akaonja kidogo, akafunga. Ndipo alipokumbuka kusalimia. Siku aliponijia mara ya kwanza hapa Highview, Louisville, nilikuwa nimetwanga na kupika sombe ya majani ya muhogo tangu asubuhi, nimetandika kitambaa kipya mezani. Yeye akatoka jikoni kwangu anapangusa ndevu.

"Mama Masika," akasema, "maji ya hapa imechoka."

"Imechoka na nini?"

"Imetembea mbali sana. Haina nguvu ya mlima."

"Bon, basi usiinywe."

Nikamwekea soda. Akanywa mbili, na sombe akala sahani tatu, na aliporudi kwao akawaambia watu kwamba kwa Mama Masika chakula si kibaya ila maji yamechoka.

Sisi tuliotoka kijiji kile, chini ya milima ya Ruwenzori, tulimwita Fontenye. Ni neno la Kifaransa tulilolifanya letu: ni mtu anayelinda bomba la kijiji, anayefungua maji asubuhi na kuyafunga jioni, anayeamua mtaa upi uteke leo na upi usubiri. Jina alilopewa na baba yake silitaji, na sidhani kama yeye mwenyewe angeliitikia. Vita vilipotutoa tulipita Uganda, tukakaa kambini miaka, kisha tukatawanywa: mimi nikaletwa Louisville, wengine Columbus, yeye Lackawanna, pale pembeni mwa Buffalo. Huku hakuna mtu aliyemkabidhi bomba lolote. Alipewa kazi ya kufunga maboksi kwenye depo. Lakini ukimsikiliza ungedhani Amerika nzima inasubiri yeye aamke ndipo inawe uso.

Alikuwa mwepesi wa kugombeza. Mjukuu wangu Neema alikuwa anapiga mswaki, robine iko wazi, Fontenye akapitisha mkono juu ya bega la mtoto wa watu akaifunga. Neema akamjibu kwa Kiingereza kwamba maji yamo ndani ya kodi ya nyumba.

"Anasema nini?" Fontenye akaniuliza.

"Anasema asante."

Akafurahi. Akamwambia mtoto ana adabu.

Haya, nenda sasa nyumbani kwake Lackawanna. Robine ya jikoni inadondosha maji toka mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, usiku na mchana, tii, tii, tii, eti bomba lisigande. Ukimuuliza anasema ile si kupoteza maji, ile ni dawa ya baridi. Na ndani ya kabati, mahali ambapo watu wengine hutundika makoti, amepanga bidoni kumi na mbili zimejaa maji mpaka mdomoni. Mji mzima una maji, ziwa kubwa kama nchi liko hapo chini, naye amejificha na bidoni kumi na mbili. Koti lake analitundika kwenye msumari wa mlango.

Watu wanaomsifu husema alikuwa mwenye haki. Nitasema nilichokiona. Ni kweli, siku za kugombania maji kule nyumbani, hakuna tajiri wala mchungaji aliyerushwa mbele. Kila bidoni ilikaa kwenye mstari kama ilivyofika. Na mke wake, Mungu amrehemu, alikaa mwisho kabisa, mtoto mgongoni, akateka wakati wengine wamekwisha kupika. Watu wakasema, mwone Fontenye, hata mke wake hampendelei. Mimi niliyekuwa nasimama na yule mwanamke najua miguu yake ilivyokuwa. Sifa alikula yeye, foleni alipanga mwanamke. Lakini haki ilikuwa haki, hiyo siwezi kumnyima, na waliokuja baada yake hawakuiweza.

Sasa theluji. Hapo ndipo ujinga wake ulipojenga nyumba ya ghorofa.

Kwa mtu asiyejua kwetu: asubuhi mawingu yakifunguka unauona mlima una kichwa cheupe. Kutoka kwenye ile theluji unashuka mto mkubwa, mweupe, wenye kelele, baridi yake inauma meno. Chini yake, ndani ya msitu wenye majani-maji laini yaliyofunika kila jiwe na kila mti, yanatoka maji mengine, madogo, kimya kimya, ndani ya matope. Hayo wanawake tuliyajua tangu bibi zetu. Hayakupiga kelele, na hayakukauka hata mwaka wa njaa. Bomba la kijiji lilipojengwa, Fontenye ndiye aliyechagua mahali pa kuweka mdomo wa bomba. Akauweka kwenye mto mkubwa. Ya matope aliyaita maji ya vyura.

"Theluji ni ghala," alikuwa anasema, "mvua ni sahani." Niliyasikia maneno hayo kwenye harusi mbili na matanga moja, na kwenye yale matanga aliyasema kabla mchungaji hajamaliza kuomba. Maana yake ni kwamba mvua unaila siku ile ile, lakini theluji inakaa juu, inakutunzia, inakushushia kidogo kidogo wakati wa jua. Ni maneno mazuri. Ghala likipungua hakusema ufanye nini.

Na lilikuwa linapungua. Kila aliyebaki kule analiona kwa macho. Kichwa cheupe cha mlima kimekuwa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee. Lakini Fontenye hakutazama mlima, alikuwa Lackawanna, na Lackawanna theluji haikupungua hata kidogo.

Alichonga fimbo ndefu, akaikata alama kwa kisu, akaisimika nyuma ya nyumba karibu na ngazi. Kila asubuhi ya baridi alitoka na kofia na kandambili juu ya soksi, akasoma fimbo, akaingia, akashika simu. Halafu akatuma odio, ujumbe wa sauti, kijijini.

Nilipomtembelea, mwenyewe alinisikilizisha moja, kwa fahari, mbele ya chai: "Ndugu zangu, ni miye Fontenye. Huku theluji imefika alama ya tano. Donc, ghala imejaa. Mwaka huu mufungue robine yote, ya juu na ya chini, batu bafyatue matofali, baoshe nguo, hakuna shida."

Nikaweka kikombe chini. "Theluji ya hapa na mlima wa kwetu wamejuana wapi?"

"Baridi ni moja, Mama. Inazungukaka dunia yote, kama moshi ndani ya nyumba."

"Hii ya Buffalo inatoka ziwani. Kila mtu hapa anasema. Upepo unaichota ziwani unaimwaga mlangoni kwako."

"Na ziwa ilipata maji wapi?" akaniuliza, akatabasamu, akaongeza sukari.

Jirani yake alikuwa Myemeni, mzee mwenye heshima, asubuhi moja alimwonea huruma akachukua beleshi akamsafishia ngazi na uwanja wote wa nyuma, mpaka kwenye fimbo. Mtu mwingine angepeleka chapati za shukrani. Fontenye alitoka akapiga makelele kwamba amevunjiwa theluji yake. Mmoja anasema Kiswahili, mwingine anasema Kiarabu, wote wawili wanaonyesha chini. Yule Myemeni akafikiri anaambiwa bado hajamaliza, akaendelea kufagia.

Utauliza, na kijiji kizima kilimwaminije? Usiwacheke. Mtu akishafika Amerika, hata akipiga chafya atapigiwa makofi. Tena kamati ya maji ya siku hizi ni wanaume wanaopenda kufyatua matofali, na mtu akikuambia lile unalolipenda huulizi amelitoa wapi. Na miaka kadhaa mvua zilikuwa nzuri, kwa hiyo odio zikaonekana zina akili. Sifa za mvua alizichukua yeye.

Ikaja ile baridi ambayo Lackawanna magari yalipotea chini ya theluji, watu wakatoka nyumbani kwa kupitia madirishani. Fimbo ikamezwa yote. Fontenye akatuma odio kwa sauti ya mtu aliyezaa mtoto wa kiume. Wakafungua kila kitu. Matofali yakafyatuliwa, mabwawa ya samaki yakachimbwa. Kisha kiangazi cha kwetu kikaingia, mto mkubwa ukakonda mpaka mdomo wa bomba ukabaki unavuta hewa, na robine za mtaa wa chini zikawa zinakohoa tu.

Mtaa wa chini ndiko anakokaa mdogo wangu, Kavira, aliyenifuata, tulionyonya ziwa moja. Yeye hakukimbia. Alisema mtu lazima abaki na makaburi. Siku ya tatu bila maji alibeba bidoni akapanda mpaka kwenye maji ya matope, njia ni mteremko mtupu, akateka, na wakati wa kushuka akateleza na lita ishirini mgongoni. Walimshusha kwa kipoyi, machela ya kwetu. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya. Tangu siku hiyo anatembea na fimbo kutoka kitandani mpaka mlangoni, basi. Robine ya mtaa wa chini isipotoka, Kavira hanywi mpaka mtu amwonee huruma. Aliniambia hivyo kwa simu, bila kulia. Alisema, "Dada, nimekuwa mtu wa kuomba kikombe."

Dawa ilijulikana na kila mtu: mdomo wa bomba uhamishwe uwekwe kwenye maji ya matope. Si mbali na ulipo. Mabomba yapo, mikono ipo. Kilichozuia ni neno. Siku za kujenga, Fontenye alikwenda kwa ukoo wenye ule mlima, akala nao mbuzi, akaapa kwamba bomba halitagusa maji madogo kamwe, yabaki ya wanawake na ya ng'ombe. Na kwetu neno la namna hiyo aliyelifunga ndiye hulifungua. Haitoshi mtoto wake, haitoshi kamati, haitoshi barua. Mzee wa ule ukoo mwenyewe alisema hana ubaya, watu wanywe, lakini anataka kusikia kinywa kilichofunga.

Chama chetu cha watu wa kijiji hukutana Columbus kwa sababu ni katikati, sisi tunapanda, wa Buffalo wanashuka. Tulikaa kwenye chumba cha chini ya kanisa, mtaa wa Clintonville, prezida wa chama akaeleza jambo lote vizuri, akamgeukia Fontenye kwa heshima.

"Papa Fontenye, ni neno moja tu."

Fontenye akavua kofia, akaitazama ndani kama imeandikwa kitu. "Miye nilichaguaka ile mahali na akili yangu. Bomba haikosei. Banaokosa ni bale banaofungua vibaya."

"Walifungua ulivyowaambia weye," nikasema.

"Mama Masika, weye hata darasa ya tatu haukumaliza."

"Sikumaliza. Nilikuwa kwenye foleni ya maji yako."

Watu wakacheka, na hapo nilikosea, maana mwanaume akichekwa mbele ya watu hafungui kitu tena. Akavaa kofia. Akasema theluji itarudi, wavumilie, ghala halijengwi siku moja. Akala wali wake akaondoka na watu wa Buffalo kabla ya maombi ya mwisho.

Nikaelewa wakati ule kwamba habari haikuwa mbuzi wala kiapo. Kufungua lile neno ilikuwa ni kusema mbele ya kijiji kizima kwamba mdomo wa bomba aliuweka pabaya, na kwamba wanawake wa maji ya vyura waliona alichokosa yeye. Kavira akae na kiu, sawa, lakini hilo lisisemwe. Nimewajua wanaume wa namna hiyo kanisani na kambini, ila wengi wao hawashiki bomba.

Kiangazi kingine kilikuwa kinakaribia tuliposikia miguu yake imevimba na depo wamemwachisha. Nikamwambia Neema anipeleke. Alininung'unikia kwa Kiingereza mpaka Columbus, tukalala kwa watu wetu, kesho yake akaninung'unikia mpaka Lackawanna. Jioni ile tulimkuta, tukampikia, lile jambo nikaliacha mpaka kesho. Asubuhi saa mbili, kule kwetu inakwenda saa tisa mchana, nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Alikuwa karibu na dirisha, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nje theluji ilikuwa imekaa, nzito, na hakuna fimbo iliyosimikwa.

"Umekuja kunilaumu," akasema.

"Nimekuja upige simu."

"Weye, Mama, uko kama mvua ya mawe."

"Fontenye, ile theluji ya mlima wetu, ulishaigusa?"

Akatazama nje. "Nilifikaka pale mianzi inaishia."

"Mianzi si theluji."

"Hapana." Akapangusa mvuke kwenye kioo. "Kulikuwaka bapagazi, banabebea Wazungu mizigo mpaka juu. Bakishuka banaeleza. Miye nilikuwaka kijana, ninasikiliza. Halafu siku moja nikaeleza na miye, kama vile niliiona. Batu bakanyamaza kunisikiliza. Sasa, Mama, utarudi nyuma namna gani?"

"Mara ya kwanza kuigusa ilikuwa wapi?"

"Hapa. Kwenye parkingi ya uwanja wa ndege. Nilikuwa na miaka sitini na kitu." Akacheka kidogo bila furaha. "Nikaiweka mdomoni. Haina ladha."

Sikumcheka. Si kwa huruma; Columbus ilinifundisha. Nikamwambia habari za Kavira, kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kikombe anachoomba.

"Kavira yule aliyekuwaka ananitukana kwenye foleni?"

"Ndiyo huyo. Sasa hata foleni ya kukutukania hana."

Akainua mkono, akaushusha. Akasema nimpe simu kabla hajabadili nia.

Neema alipiga kwa simu yangu, ya Fontenye ilikuwa imekatwa tangu depo wamwachishe, akaweka sauti kubwa. Kule wakaanza kuitana, tukasikia mbuzi, tukasikia watoto, halafu mzee wa ule ukoo akashika. Wakasalimiana salamu ndefu, za ng'ombe na za magoti. Nilikuwa nahesabu pumzi. Kisha yule mzee akauliza, kwa heshima kabisa, alivyozoea kuuliza kila mwaka:

"Fontenye wetu, theluji ya huko inasemaje?"

Fontenye akafungua mdomo. Nilimwona anataka. Uso wake ulijiweka tayari kwa maneno ya ghala. Halafu akaniangalia mimi, kisha miguu yake juu ya ile ndoo.

"Theluji ya hapa ni ya hapa," akasema. "Ile ya kwetu, miye sikuifikaka. Muulize banamama bale ba maji ya matope, bao banajua. Neno nililifunga, leo ninalifungua. Chukueni ile maji."

Kwetu mtu akifungua neno humeza funda la maji ili lishuke. Neema hakujua, lakini nilipomwonyesha kwa kidole alikwenda kwenye robine akaleta kikombe. Fontenye akanywa, akakohoa, tukasikia na mzee wa kule anameza. Wakaagana. Simu ikakatika.

Alikaa hivi, mdogo ndani ya sweta lake. Nilikuwa nimetoka Louisville na maneno mengi, nikakuta hayana kazi. Nikaanza kukusanya vikombe. Haikupita hata robo saa, mgongo wake ukanyooka, kidevu kikapanda, nikamjua tena.

"Mama Masika, lete simu."

"Ya nini?"

"Nibaeleze kidogo tu. Basidhani mahali pa kwanza palikuwa pabaya. Palikuwa pazuri, kwa wakati ule. Inaomba ufafanuzi."

Neema alikuwa ananyoosha mkono kumpa. Nikaiwahi ile simu, nikaiweka kwenye kiti, nikaikalia.

"Mama, miye nina haki ya kueleza."

"Una haki."

"Basi inuka."

Sikuinuka. Alinisema kwa Kiswahili, kwa Kinande cha kwetu, na Kifaransa kidogo alichobaki nacho. Alisema mimi ni mwanamke mgumu, na hakukosea. Mara mbili simu ilitetemeka chini yangu nikaiacha itetemeke. Mara ya tatu nikaitoa nikampa Neema asome, maana mimi maandishi madogo siyaoni. Akasoma polepole, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: ni Kavira, anasema wanaume wamepita mlangoni kwake sasa hivi na majembe, wanapanda mlimani.

Fontenye alisikia. Akageukia dirisha. Nikarudisha simu chini yangu, nikakaa juu yake mpaka nilipojua kule jua limezama na hakuna mtu wa kuwarudisha.